Wilaya Moja, Shule za Awali za Kila Aina: Unalinganisha Nini Hasa?

Mzazi aliyehamia Marekani na mtoto wa miaka 3 huambiwa mapema na waliomtangulia: nenda kwenye wilaya yako ya shule, zipo shule za awali za umma, hutalipa kitu. Anafungua tovuti ya wilaya, anakuta madarasa kumi au zaidi, na kichwa kinaanza kumuuma. Hili ni la nusu siku, lile la kutwa. Hili linataka uthibitisho wa kipato, lile haliulizi. Hili ni bure, lile lililo ndani ya jengo hilohilo, mlango wa tatu kutoka hapo, linatoza ada kila mwezi. Yote yanaitwa ya umma.

Aliyeandika tovuti hana kosa. Tofauti hizo zina chanzo kimoja, nacho ni fedha: nani anamlipia mtoto kiti chake, na kwa sharti gani. Ukishalijua hilo, nusu ya fumbo imefumbuka. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito kwa mtoto, haimo kwenye tovuti yoyote.

Kwanza neno lenyewe. "Wilaya" hapa si ile ya mkuu wa wilaya. Wilaya ya shule ni chombo cha elimu peke yake, chenye mipaka yake ambayo mara nyingi hailingani na mipaka ya mji, chenye bodi ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, na chenye sehemu yake ya kodi, hasa ya ardhi na majengo. Nchi nzima ina wilaya za namna hiyo zaidi ya 13,000. Kuanzia kindagateni, yaani darasa la watoto wa miaka 5 linalotangulia darasa la kwanza, hadi darasa la 12, wilaya kwa kawaida ina wajibu wa kumpokea kila mtoto anayeishi ndani ya mipaka yake. Chini ya kindagateni, katika sehemu kubwa ya nchi, wajibu huo haupo. Wilaya hufungua madarasa ya awali kadiri inavyopata fedha, na fedha hizo hutoka kwenye mifuko isiyofanana.

Mkongwe kati ya mifuko hiyo ni Head Start, ulioanzishwa mwaka 1965 wakati wa Rais Lyndon Johnson, katika kampeni yake ya vita dhidi ya umaskini. Ulianza kama mpango wa wiki nane za kiangazi. Leo ni shule kamili kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Fedha zake hutoka serikali kuu na kwenda moja kwa moja kwa taasisi ya mahali, bila kupitia jimbo. Taasisi hiyo inaweza kuwa wilaya ya shule, lakini pia inaweza kuwa manispaa au shirika lisilo la kibiashara. Ndiyo maana katika mji mmoja darasa la Head Start limo ndani ya shule ya msingi, na katika mji wa jirani limo kwenye ukumbi wa kanisa na wilaya hailitaji popote kwenye orodha yake. Wanaostahili ni watoto wa familia zenye kipato chini ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali, familia zinazopata msaada wa chakula wa SNAP, wasio na makazi, na watoto waliowekwa kwa walezi na mahakama. Angalau asilimia 10 ya nafasi hutengwa kwa watoto wenye ulemavu. Tena Head Start hufanya mambo ambayo darasa la kawaida halilazimiki kuyafanya: ndani ya siku 45 za mwanzo mtoto huchunguzwa macho, masikio na ukuaji, na yupo mtumishi ambaye kazi yake ni kuwasaidia wazazi wenyewe. Wapo wanaoidharau kwa sababu ni "ya maskini". Mimi ningesita kuidharau.

Mfuko wa pili ni wa jimbo, na hapa kila jimbo lina hadithi yake. Georgia ilifungua madarasa kwa watoto wote wa miaka 4 mwaka 1995, kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Oklahoma ikafuata mwaka 1998 kwa kuwaingiza watoto hao kwenye hesabu ileile inayogawa fedha za shule zote. Huko Florida wapiga kura waliiandika haki hiyo ndani ya katiba ya jimbo mwaka 2002, na madarasa yakaanza 2005. Majimbo mengine hulipia watoto wa kipato kidogo tu, na machache hayalipii kabisa. Mfuko wa tatu ni fungu la serikali kuu liitwalo Title I, linalokwenda kwenye shule zenye watoto wengi maskini. Wilaya ikitaka, inaweza kulitumia kwa madarasa ya awali.

Wa nne hautazami kipato wala bahati, na wazazi wengi wageni hawaujui. Sheria ya elimu kwa wenye ulemavu, inayoitwa kwa kifupi IDEA, iliteremshwa na marekebisho ya mwaka 1986 hadi kuwafikia watoto wa miaka 3. Inailazimisha wilaya kumpima bila malipo mtoto anayedhaniwa kuwa na ulemavu au kuchelewa kukua, kuchelewa kusema kukiwemo, na akithibitika kuhitaji msaada, kumpa elimu inayomfaa bila ada. Huandikiwa mpango wake binafsi, IEP, na mpango huo una nguvu ya kisheria. Ombi la kupimwa lipelekwe kwa maandishi. Mzazi akishatia saini ya kukubali mtoto apimwe, sheria ya shirikisho inatoa siku 60 kipimo kikamilike, isipokuwa jimbo liwe na muda wake lenyewe.

Na lile darasa la mlango wa tatu, linalotoza ada? Mara nyingi linahusiana na mfuko huu wa nne. Wilaya inatakiwa, kadiri inavyowezekana, kuwasomesha watoto wenye IEP pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Kwa hiyo hufungua darasa la mchanganyiko, huwapokea wenye IEP bure, kisha huwaalika wengine wajaze viti vilivyobaki kwa kulipa. Mzazi anayeliona darasa hilo kama "la watoto wenye matatizo" anapoteza nafasi nzuri: aghalabu lina watu wazima wengi kuliko mengine, pamoja na mtaalamu wa lugha anayeingia na kutoka.

Wilaya hodari huzisuka fedha hizi kama ukili, hata ukiingia darasani huwezi kujua ni mtoto gani kaletwa na mfuko upi. Wilaya isiyo hodari huacha kila mfuko na chumba chake, na matokeo yake maskini wanakaa huku na wenye nacho kule, ndani ya jengo moja. Hilo pekee linakuonyesha mengi kuhusu wilaya.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mtoto wako anaruhusiwa kuingia ipi. Kuuliza ipi ni bora kabla ya hapo ni kupima nguo ambayo hujaambiwa kama inauzwa. Baada ya hapo kuna mambo ya kawaida ambayo ni mepesi kuyalinganisha: saa, usafiri, nepi. Nusu siku huwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kutwa huwa sita hivi na zaidi. Kwa wiki, hiyo ni kama saa 13 dhidi ya zaidi ya 30, na mzazi mwenye kazi ya zamu hahitaji kuelezwa maana yake. Basi la njano la shule mara nyingi haliwachukui watoto wa awali, isipokuwa usafiri uwe umeandikwa kwenye IEP. Kuhusu nepi, baadhi ya wilaya zinataka mtoto awe anajiendea chooni mwenyewe, lakini mtoto ambaye ulemavu wake ndio sababu ya nepi hafungiwi mlango.

Sasa tuje kwenye mtego. Ukitafuta jina la shule mtandaoni utakutana na alama: hii 9 kati ya 10, ile 4. Mzazi huona 4 akakimbia. Lakini alama hizo zinahesabiwaje? Sheria ya shirikisho inataka watoto wapimwe kwa mitihani ya jimbo kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8. Kwa hiyo alama unayoiona imetokana na watoto wa miaka 8 na kuendelea, ambao wengi wao huenda hawakuwahi kukanyaga darasa la awali la shule ile, na walifundishwa na walimu wengine. Tena mitihani hiyo hufuatana sana na kipato cha nyumbani. Alama 9 mara nyingi inakuambia bei ya nyumba za mtaa ule. Kuhusu mwalimu atakayekaa na mtoto wako wa miaka 4 haisemi lolote.

Kuna kipimo kingine chenye heshima zaidi. Taasisi ya utafiti wa elimu ya awali iliyoko Chuo Kikuu cha Rutgers, NIEER, kila mwaka huyapima majimbo kwa vigezo 10. Miongoni mwake: darasa lisizidi watoto 20, mtu mzima mmoja asibebe zaidi ya watoto 10, mwalimu mkuu wa darasa awe na shahada na mafunzo ya watoto wadogo, msaidizi awe na cheti, watoto wachunguzwe afya. Vigezo hivi vinafaa kujulikana, kwa sababu vinakupa maswali ya kuuliza. Alabama kwa miaka mingi imetimiza vyote 10, ila bado kuna watoto wengi ambao haijawafikia. Florida inawafikia wengi sana, lakini imekuwa ikitimiza vichache. Hapo utaona kwamba upana na ubora ni vitu viwili, na wanasiasa hupenda kutaja kile ambacho jimbo lao linacho.

Hata hivyo vigezo hivyo hupima sheria ya jimbo, wala si chumba. Tennessee ilifundisha somo hilo kwa uchungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuatilia karibu watoto 3,000 walioomba shule za awali za jimbo hilo, ambazo kwenye karatasi zilitimiza karibu vigezo vyote vya NIEER. Nafasi zilikuwa chache, zikagawiwa kwa kura, kwa hiyo waliopata na waliokosa wangeweza kulinganishwa kwa haki. Mwanzoni waliopata walikuwa mbele. Kufikia darasa la 6, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, walikuwa nyuma ya wenzao katika mitihani na walikuwa wameadhibiwa shuleni mara nyingi zaidi.

Ungeishia hapo ungesema shule ya awali ni kupoteza muda. Boston inakataa. Huko pia nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, na wachumi watatu waliwafuatilia zaidi ya watoto 4,000 walioomba kati ya 1997 na 2003, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Katika mitihani ya jimbo hawakuona tofauti. Lakini waliopata nafasi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia chuo mara baada ya sekondari, kwa pointi 8 za asilimia, na walisimamishwa shule mara chache zaidi. Na kabla ya hizo zote kuna Perry, mradi wa shule ya awali wa mji wa Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967: watoto 123 tu, 58 kati yao darasani, walimu wenye sifa kamili waliokuwa wakizuru kila nyumba kila wiki. Watoto wale wamefuatiliwa hadi utu uzima, na bado wanatajwa kila bajeti ya elimu ya awali inapojadiliwa, ingawa hakuna wilaya ninayoijua inayotoa kile walichopewa.

Mimi nasoma hivi: jina "shule ya awali ya umma" halina matokeo yake lenyewe. Matokeo yamo ndani ya chumba, na mitihani ya miaka michache baadaye si mahali pazuri pa kuyatafuta.

Ndani ya chumba kuna nini, basi?

Wapo watu wanaolipwa kukaa kwenye kona ya darasa na kuangalia. Chombo kinachotumika zaidi huitwa CLASS, kilichotungwa Chuo Kikuu cha Virginia. Hutoa alama 1 hadi 7 katika maeneo matatu: upole na ukaribu wa mwalimu, utaratibu wa darasa, na namna mwalimu anavyoikuza akili ya mtoto kwa mazungumzo. Madarasa ya Head Start kwa wastani hupata karibu 6 katika mawili ya kwanza. Katika la tatu hupata karibu 3. Na hali hiyo si ya Head Start peke yao. Madarasa mengi ya awali ni hivyohivyo. Walimu wanapendeka, watoto wametulia, na mazungumzo ni haba.

Tofauti yenyewe ni ndogo kuisikia mpaka uizoee. Mtoto anapanga vibao vya mbao. Mwalimu wa kwanza anapita: "Hiki ni cha rangi gani?" "Chekundu." "Vizuri sana!" Anaondoka. Mwalimu wa pili anachuchumaa: "Naona umeweka kikubwa chini. Kwa nini?" Mtoto anafikiri. "Kikiwa juu kinaanguka." "Ulikijaribu?" "Eeh, jana. Kilimwangukia Sara." "Sasa ukitaka mnara uwe mrefu kunishinda mimi, utafanyaje?" Swali la kwanza lina jibu moja ambalo mwalimu analijua tayari. Ya pili yanamfanya mtoto akumbuke, aeleze sababu, apange. Mtoto anayepata mazungumzo matano ya namna hii kwa siku na yule asiyepata hata moja wanaweza kuwa katika shule yenye nembo ileile, mtaala uleule na alama ileile mtandaoni.

Ukienda kutembelea, usikubali kuonyeshwa mkeka wa asubuhi tu, ambapo watoto wamekaa duara na kuimba siku za wiki. Hapo kila darasa linapendeza. Omba kuwepo wakati wa kuhama kutoka jambo moja hadi jingine: kuvaa makoti, kunawa mikono, kujipanga foleni. Tazama saa. Kuna madarasa ambamo watoto hupoteza sehemu kubwa ya asubuhi wakisubiri, migongo ukutani, vidole midomoni. Kuna mengine ambamo foleni yenyewe ni mazungumzo, na anayenawa anaulizwa povu limetoka wapi. Sikiliza pia nani anaongea. Sauti ikiwa ya mwalimu peke yake dakika kumi mfululizo, umeshajua.

Jina la mtaala lisikutishe wala lisikulevye. HighScope ulizaliwa na ule mradi wa Perry. Montessori ulianzia Roma mwaka 1907. Yote miwili inaweza kufundishwa vizuri na yote miwili inaweza kuharibiwa. Swali linalozaa zaidi ni hili: mwalimu huyu ana miaka mingapi hapa, na aliyemtangulia alikwenda wapi? Katika wilaya moja, mwalimu wa awali aliyeajiriwa na wilaya anaweza kulipwa kwa kipimo cha walimu wa shule ya msingi, na mwenzake aliye kwenye kituo kilichopewa mkataba na wilaya akalipwa kidogo sana kwa kazi hiyohiyo. Wa pili akipata nafasi ataondoka, pengine katikati ya mwaka, na mtoto wa miaka 4 huhesabu kuondoka huko kwa namna yake.

Uliza pia, kwa utulivu, ni watoto wangapi waliondolewa mwaka uliopita. Inashangaza, lakini mwaka 2005 mtafiti Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwamba watoto wa madarasa ya awali yanayolipiwa na majimbo walikuwa wakifukuzwa kwa kiwango cha zaidi ya mara 3 ya wanafunzi wa kindagateni hadi darasa la 12. Wavulana walifukuzwa zaidi kuliko wasichana, na watoto weusi mara mbili hivi ya weupe. Pale ambapo mwalimu alikuwa na mtaalamu wa tabia za watoto wa kumwita, kufukuza kulipungua. Kwa hiyo swali lenyewe ni: mtoto akiuma wenzake wiki nzima, nani huja kumsaidia mwalimu? Shule nzuri hujibu kwa kutaja cheo cha mtu. Shule mbaya husema hapa hatuna watoto wa namna hiyo.

Jambo moja kwa nyumba zinazosema Kiswahili. Fomu ya kuandikisha itauliza lugha ya nyumbani, na wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakihofu mtoto atawekwa nyuma. Kuandika kweli humfungulia mtoto njia ya kupata msaada wa lugha, na humfanya mwalimu asidhani ukimya wa miezi ya mwanzo ni upungufu wa akili. Zaidi ya hapo, mtoto anayechunguzwa usemi kwa Kiingereza peke yake anaweza kuonekana amechelewa kumbe ana maneno tele ya lugha yake. Omba apimwe kwa lugha anayoijua. Sheria ya IDEA inalitaka hilo pale inapowezekana.

Nafasi zinapokuwa chache, wilaya nyingi hupiga kura, na fomu hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Soma kanuni za kura hiyo, hasa kama mwenye ndugu shuleni hutangulizwa. Uliza pia jambo ambalo wengi hulikuta wamechelewa: je, nafasi ya awali katika shule hii inabeba nafasi ya kindagateni hapahapa? Mara nyingi haibebi. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukubaliwa shule ya upande wa pili wa mji, akaizoea, kisha akiwa na miaka 5 arudishwe shule ya mtaa wake. Ukikosa kabisa, baki kwenye orodha ya wanaosubiri na upige simu tena wiki za mwanzo za masomo. Familia huhama kiangazi bila kuaga, viti vya waliohama hubaki wazi, na karani wa uandikishaji huanza kumpigia yule aliye juu kwenye orodha ambaye namba yake bado inapatikana.